Viroba vya Siku ya Sita

Kwa miaka miwili ya mwanzo chuoni, Felicitas Komba hakuwahi kushindwa na mtu. Darasa lao la Usimamizi wa Mazingira lilikuwa na wanafunzi sitini na wawili, na kila matokeo yalipotoka yeye ndiye alikuwa wa kwanza. Wenzake walimwita Profesa. Alijifanya halipendi jina hilo, lakini siku mtu alipolisahau alihisi kama amenyimwa kitu chake.

Baba yake alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Mbinga. Alipiga simu kila Jumapili baada ya misa, na swali lake lilikuwa moja: "Umekuwa wa ngapi?" Akishajibiwa alisema, "Vizuri, kaza hapo hapo," kisha akaaga. Mama yake Felicitas alifariki yeye akiwa darasa la tano, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa pili wa kuipokea simu na kuuliza habari nyingine.

Rafiki yake mkubwa aliitwa Nusaiba, mtoto wa Kawe, wa ukoo ulioishi pwani ile kabla haijafika lami. Maksi zake zilikuwa za kawaida tu. Walifahamiana wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, Nusaiba alipokuja kuketi pembeni yake darasani na kumnong'oneza, "Dada, naona unaandika hadi kikohozi cha mwalimu. Basi mie nitanakili kwako." Tangu siku hiyo alinakili, na Felicitas akamfundisha: sheria za mazingira, tathmini ya athari, hesabu za takwimu, namna ya kuchora majedwali yanayosomeka. Mitihani ilipokaribia walijifungia kutwa nzima katika chumba alichopanga Felicitas huko Manzese, mmoja akieleza, mwingine akila karanga na kuitikia.

Felicitas alimpenda sana. Pengine alimpenda zaidi kwa sababu hakuwa na haja ya kumwogopa.

Mambo yaligeuka mwaka wa tatu, walipotolewa darasani na kupelekwa kwenye utafiti. Kundi lao la watu kumi lilisimamiwa na Dokta Gozbert, mtu mrefu, mpole wa sauti, aliyekuwa na tabia ya kuvua miwani anapotaka kusema jambo zito. Aliwapeleka Tandale, kwenye mitaa inayozunguka soko la vyakula, na kuwaeleza kazi. Kila mwanafunzi atatafuta nyumba thelathini. Kila nyumba itapewa kiroba kitupu cha unga, kimeandikwa namba, na kwa siku nane familia itatia humo taka zake zote. Kila asubuhi mwanafunzi atavikusanya viroba, atavipima kwenye mizani, kisha atamwaga na kuchambua: maganda kwake, mabaki ya chakula kwake, plastiki kwake, karatasi kwake, nepi za watoto kwake.

"Taka za siku ya kwanza mtazitupa," alisema. "Zinakuwa na uchafu wa siku za nyuma. Tunahesabu saba zinazobaki." Kisha akavua miwani. "Na atakayefanya kazi nzuri kuliko wote, nitakwenda naye Arusha mwezi wa saba kwenye mkutano wa watafiti. Atasimama yeye mwenyewe aeleze alichokiona Tandale. Mimi nitakaa chini nimsikilize."

Felicitas hakugeuza hata kichwa kuwatazama wenzake. Aliiona safari ile kuwa yake tayari.

Siku ya kuomba nyumba alipiga pasi shati, akaning'iniza kitambulisho shingoni, akashika karatasi zake kifuani. Nyumba ya kwanza alimkuta mama mmoja uani anamenya ndizi.

"Habari za asubuhi. Naitwa Felicitas Komba, ni mtafiti. Ninafanya uchambuzi wa taka ngumu zinazozalishwa majumbani."

Yule mama hakusimamisha kisu. "Wa manispaa wewe?"

"Hapana, mimi ni—"

"Maana juzi walikuja hapa na vitambulisho hivyo hivyo, wakaondoka wametuandikia faini."

"Mimi natoka chuo."

"Haya, nenda kwanza nyumba za wenzetu. Wakikubali, utarudi."

Nyumba za wenzao nazo zilimwambia aende kwanza kwingine. Mpaka saa sita alikuwa amepata nyumba nne. Jua lilikuwa kali na kola ya shati imelowa. Akavuka mfereji kwenda mtaa wa pili kumtafuta Nusaiba, akiwa na hakika atamkuta amekaa kivulini amekata tamaa, na kwamba wataulaumu mtaa pamoja.

Alimkuta uani kwa watu, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, wanawake watatu wamemzunguka, wote wanaongea kwa mpigo. Orodha yake ilikuwa imebanwa chini ya chungu. Ilikuwa na nyumba ishirini na mbili.

"Umewaambia nini?" Felicitas alimuuliza walipotoka.

"Sijawaambia kitu, wallahi. Nimemuuliza yule mama vifuu anavitupaga wapi, akaanza kulalamika. Wenzake wakaja nao kulalamika. Nikawaambia basi hayo malalamiko nitieni kwenye kiroba, nikayapime."

Felicitas alicheka, kwa sababu ilikuwa inachekesha. Lakini njiani kurudi upande wake aliirudia hesabu ile kichwani, nne na ishirini na mbili, akaona kicheko chake kimekwisha.

Mwishowe alikwenda kwa mjumbe wa shina, akazunguka naye nyumba kwa nyumba, na watu wakakubali kwa sababu mjumbe alikuwa amesimama pale. Nyumba thelathini zikapatikana. Ila zilikubali kwa midomo tu. Siku ya pili viroba vitano vilirudi vitupu, na kimoja kilikuwa na mchanga.

Siku ya tatu iliangukia Jumapili. Walipomaliza kupima, Nusaiba alimchukua kwenda kula mchana kwao Kawe, kama walivyozoea. Mama yake, Bi Mwanabaraka, aliwapokea mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, bafuni kwanza, nyote wawili. Mnanuka soko zima."

Walikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, wamekaa mkekani. Bi Mwanabaraka aliwaacha wameze matonge mawili matatu, kisha akamgeukia binti yake. "Enhe. Leo taka zimesemaje?"

Nusaiba akaanza. Nyumba namba tisa ina watu wanane lakini kiroba chake chepesi kuliko cha nyumba ya watu wawili, kwa sababu wanafuga mbuzi na maganda yote anakula mbuzi. Nyumba ya kumi na saba inatupa wali karibu sufuria nzima kila siku, na ukimuuliza mwenye nyumba anakuwa mkali.

"Kwa nini awe mkali?" aliuliza Bi Mwanabaraka.

"Mumewe kahama mwezi wa pili, mama. Anapika kipimo kile kile alichozoea. Leo ndiyo kaniambia."

Bi Mwanabaraka aliliweka tonge chini. "Maskini. Sasa hilo unaliandika wapi?"

"Pembeni. Kwenye fomu hakuna nafasi yake."

Mama akauliza tena, na tena. Felicitas alijikuta anahesabu maswali: saba. Katika yote saba hakuna lililouliza nani anaongoza. Aliyatafuta mambo ya nyumba zake mwenyewe ili naye aseme kitu, akakuta ana uzito wa kila kiroba hadi gramu ya mwisho, na hana hadithi hata moja.

Simu yake ikatetemeka. Akatoka barazani.

"Utafiti unaendaje?" Baba yake alikuwa kwenye kelele za watu waliotoka misani. "Umekuwa wa ngapi mpaka sasa?"

"Bado hawajapanga, baba."

"Usingoje wapange. Usije ukaniangusha."

Aliporudi ndani alimkuta Bi Mwanabaraka anamchambulia samaki Nusaiba, msichana wa miaka ishirini na tatu, anamtolea miba na kumwekea minofu upande wake wa sinia, huku wote wawili wakiendelea kuongea kana kwamba mikono ile haifanyi kitu. Felicitas alisimama mlangoni akitazama. Alitaka kuondoka. Hapo Bi Mwanabaraka akamwona, akamsogezea na yeye kipande alichokwisha kukichambua. "Njoo ule, mwanangu, kinapoa." Alikila. Kutendewa wema ule kwa sababu tu alikuwa rafiki wa Nusaiba kulimuuma kuliko kama angesahauliwa.

Siku ya tano mchana Dokta Gozbert aliwakusanya wote kumi kwenye uwanja wa ofisi ya serikali ya mtaa, mahali ambapo Felicitas na Nusaiba walikuwa wanapimia. Akapitia fomu moja moja. Kwa Felicitas alisimama kidogo.

"Mwandiko mzuri. Hesabu safi. Nyumba ya kumi na moja, siku tatu uzito ni ule ule. Uliwauliza kwa nini?"

"Ndivyo mizani ilivyosoma, dokta."

"Sikuulizi mizani."

Dokta akapita kwa Nusaiba. Fomu za Nusaiba zilikuwa na madoa ya mafuta, na pembeni zimejaa maandishi madogo mpaka kwenye kona. Alizisoma kwa muda mrefu, kisha akavua miwani.

"Wengine sogeeni mwone. Huyu hakupima taka tu. Amewajua wanaozitupa. Kazi hii tumeifundisha miaka yote, na kila mwaka hupatikana mmoja anayeielewa."

Walisogea. Felicitas naye alisogea, akaziangalia fomu zile juu ya bega la mtu. Jedwali lilikuwa lake. Mistari miwili chini ya jumla, herufi kubwa kwa taka zinazooza na ndogo kwa taka kavu: yeye ndiye aliyembunia Nusaiba utaratibu ule, chumbani kwake Manzese, mwaka wa kwanza. Nusaiba alikuwa anatabasamu kwa aibu, akichezea ncha ya mtandio. Felicitas alimwangalia, na kwa mara ya kwanza akamchukia.

Kesho yake, siku ya sita, walifika wote wawili saa moja asubuhi. Nusaiba alivipanga viroba vyake ukutani, ishirini na tisa, akavihesabu mara mbili.

"Feli, nyumba ya ishirini na sita hawajanipa. Niangalizie hivi, sichelewi."

"Nenda."

Akatoka getini karibu anakimbia. Felicitas alibaki peke yake uwanjani. Viroba vyake mwenyewe alikuwa ameviweka upande wa pili, karibu na mizani. Alikuwa amefungua cha tatu wakati guta la watu wa usafi, lile la magurudumu matatu, lilipoingia. Mkubwa wao alikuwa mtu wa makamo anayeitwa Anwar, ambaye hupita kila asubuhi kukusanya taka za mtaa na kuzipeleka kizimbani nyuma ya soko, zingoje lori.

"Dada, habari ya kazi. Hizi za ukutani za kubeba?"

Felicitas aliangalia getini. Hapakuwa na mtu. Baadaye alilikumbuka jambo hili kuliko jingine lolote: kwamba alikuwa na muda. Hakusukumwa wala hakukosea kusikia. Angeweza kusema hapana, hizo ni za chuo, na Anwar angepita zake.

"Chukueni," alisema.

"Zote?"

"Zote."

Wakapakia. Kazi ya dakika tatu. Felicitas aliinamia maganda yake ya ndizi, mikono ndani ya glovu, na kwa kitambo kidogo alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Kisha guta likatoka, ukuta ukabaki mtupu, na wepesi ule ukaondoka nalo.

Nusaiba alirudi na kiroba kimoja mkononi. Akasimama.

"Viko wapi?"

"Nilikwenda chooni mara moja. Nimerudi sivioni. Labda watu wa guta."

Felicitas alikuwa amejiandaa kulaumiwa. Nusaiba hakumlaumu. Alikiweka kiroba chini, akakaza mtandio. "Basi twende kizimbani haraka, lori halijaja. Twende, Feli!" Alisema twende bila kufikiri, kama mtu anayejua hawezi kuachwa, na Felicitas akamfuata.

Kizimba kilikuwa kuta tatu za tofali, na ndani yake rundo la kimo cha mtu: majani ya kabichi, machungwa yaliyooza, magunzi, manyoya ya kuku. Nusaiba alikunja baibui akaingia. Felicitas akaingia nyuma yake. Wakaanza kufukua. Wapagazi wa soko waliopita wakasimama kutazama.

"Sista, unatafuta dhahabu?"

"Natafuta viroba vyangu vya chuo, vina namba nyeusi. Nisaidieni, kaka zangu, lori likija nimekwisha."

Wawili wakatua mizigo yao wakaingia. Hata pale, magoti yakiwa ndani ya uozo, Felicitas aliona na kuhesabu: amewaomba mara moja tu, na wameingia. Mmoja alipaza sauti, "Namba nne hii hapa!" na Nusaiba akakipokea kwa mikono miwili.

Mkono wa Felicitas uligusa salfeti ya kiroba chini ya majani. Akavuta kidogo. Namba kumi na saba. Nyumba ya yule mama wa wali. Hakuna aliyekuwa anamwangalia. Angeweza kukirudisha chini na kukikanyaga, na kwa muda fulani mguu wake ulikuwa umekwisha kusogea. Akakivuta chote.

"Kumi na saba," alisema.

"Allah akulipe, Feli," Nusaiba alijibu bila kugeuka.

Walikuwa wamefikisha kumi na moja wakati Anwar aliporudi na guta la pili. Aliegemea usukani, akawatazama kwa mshangao.

"Kumbe vilikuwa vya maana? Sasa mbona dada huyu ndiye aliyetuambia tuchukue? Nilimuuliza mara mbili."

Wapagazi waliacha kufukua. Nusaiba aliinuka polepole. Alikuwa na jani la kabichi begani na hakulitoa.

"Ulikwenda chooni," alisema.

"Nusaiba, mimi—"

"Lori linakuja saa nne. Tafuta."

Wakatafuta. Saa nne lori likafika na kubeba kila kitu. Walirudi uwanjani na viroba kumi na kimoja, na kile cha ishirini na sita vikawa kumi na viwili. Nusaiba alipima, akachambua, akaandika. Chini ya fomu aliongeza mstari mmoja: *Siku ya sita, viroba 18 vimepotea, vimebebwa na watu wa usafi.* Hakuandika kwa neno la nani. Akanawa mikono bombani hadi viwiko, akachukua mkoba wake, na kabla ya kuondoka akasema, "Kesho nitafika kabla yako."

Felicitas akaanza kungoja. Alingoja kuitwa na dokta, alingoja darasa zima limgeukie. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Nusaiba alihamia kiti cha mbele, na walipokutana koridoni alimsalimia "habari" kama mtu anavyomsalimia muuza duka asiyemjua jina. Wenzao walipouliza kama wamegombana, alijibu kwamba kila mtu yuko bize na ripoti. Hakusema. Felicitas alimwonea wivu hata katika hilo. Alijijua: ingekuwa yeye aliyetendewa, kufikia jioni ile darasa lote lingekuwa limesikia.

Mwisho wa mwezi wa sita Dokta Gozbert aliwaita wote wawili ofisini.

"Nusaiba, kazi yako ndiyo niliyoipenda. Lakini siku ya sita ina shimo, na kwenye ule mkutano wataniuliza. Ulikuwa wapi?"

"Nilifuata kiroba nyumba ya ishirini na sita, dokta. Hivyo vingine niliviacha uwanjani."

"Uliviacha na nani?"

Nusaiba aliangalia dirishani. "Niliviacha, dokta."

Dokta akatikisa kichwa. "Ni uzembe, na umekugharimu. Felicitas, utakwenda wewe."

Jumapili ile baba alipopewa habari alicheka. Felicitas hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia akicheka. "Arusha! Mbele ya maprofesa! Nimemwambia paroko hapa, nimewaambia walimu wote." Alizungumza karibu nusu saa. Alimuuliza atavaa nini, atalala wapi, kama anaogopa. Alimwambia kwamba mama yake angefurahi. Felicitas aliishika simu kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka, kwa sababu sauti ile aliingoja tangu akiwa na miaka kumi na moja, na sasa ilikuwa imemjia kwa jambo la wizi.

Alikaa na furaha hiyo siku nne. Siku ya tano Bi Mwanabaraka alimpigia.

"Mwanangu, mbona umetutupa? Nusaiba kaniambia unakwenda Arusha wewe. Hongera. Huko kuna baridi kali mwezi wa saba. Nina koti langu zito la kahawia, njoo ulichukue."

"Nitakuja, mama," alisema Felicitas.

Hakwenda Kawe. Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa Dokta Gozbert, akasimama mbele ya meza yake, akaeleza yote, kuanzia guta lilivyoingia getini hadi kizimbani. Dokta alivua miwani akaiweka mezani.

"Alikuuliza mara mbili?"

"Mara mbili."

"Na Nusaiba anajua?"

"Anajua tangu siku ile ile."

"Kwa nini, Felicitas? Wewe? Ulikuwa unakosa nini?"

"Nilimwonea wivu, dokta."

"Hilo kamati ya idara haitajua iliandike wapi," alisema. Lakini kamati iliandika yaliyobaki. Utafiti wake ulifutwa. Angeurudia peke yake wakati wa likizo ndefu, na asingehitimu na wenzake. Nusaiba alikwenda Arusha na fomu zake kama zilivyo, pamoja na vile viroba kumi na vinane vilivyokosekana.

Felicitas alimpigia Bi Mwanabaraka mwenyewe, asije akasikia kwa mwingine. Alizungumza haraka, bila kujitetea.

"Nimekusikia," Bi Mwanabaraka alisema. "Nusaiba mwenyewe hakuniambia. Basi koti nitampa yeye."

Baba yake hakupaza sauti. Alisema, "Sasa nitawaambiaje watu?" kisha akakata simu, na Jumapili nne zilizofuata hakupiga.

Picha za Arusha zilitumwa kwenye kundi la darasa. Nusaiba alikuwa amesimama jukwaani ndani ya koti la kahawia lililompwaya mabega, mdomo wazi katikati ya neno, na Dokta Gozbert amekaa mstari wa mbele anamsikiliza. Felicitas aliikuza picha ile kwa vidole hadi ikapoteza sura. Alikuwa ameamini kwamba akishasema kweli, wivu utamtoka. Haukutoka. Ulikuwepo pale pale, na sasa haukuwa na kisingizio.

Walikutana mwezi wa nane, kwenye ngazi za idara. Nusaiba alitaka kupita na "habari" yake. Felicitas akasimama mbele yake.

"Naomba nikuambie kitu kimoja tu. Nilikuonea wivu. Na bado nakuonea."

"Najua."

"Sijui niufanyeje."

"Sasa mie nikufanyieje, Feli? Nije nikutolee?" Hakuwa na hasira. Alionekana amechoka. "Mie kila kitu cha shule nilikuomba wewe, miaka miwili, wala sikuona haya. Wewe ungeniomba mara moja tu nikazunguka nawe kwenye nyumba zako, tungezimaliza kwa siku moja. Hukuomba. Na kile cha kumi na saba ulikitoa mwenyewe, hakuna aliyekuona. Mpaka leo sijui hicho nikiweke wapi." Alihamishia mkoba bega la pili. "Niache nipite, nina kipindi."

Felicitas akasogea. Viatu vya Nusaiba vilisikika vikipanda hadi ghorofa ya pili, mlango ukafunguliwa na kufungwa.

Wiki iliyofuata likizo ndefu ilianza, naye akaanza kazi yake ya kurudia. Dokta alimpangia Buguruni, mitaa ya nyuma ya soko. Alifika asubuhi akiwa na viroba vitupu kwapani, akasimama kwenye uchochoro mmoja kwa muda bila kubisha popote. Mwanamke aliyekuwa anakaanga samaki mbele ya nyumba yake alimwangalia mara ya kwanza, akamwangalia na ya pili.

"We binti, umepotea?"

"Hapana. Nina kazi ya chuo huku, ya kupima taka za nyumbani, na sijui kuongea na watu vizuri. Naomba unisaidie."

Mwanamke yule, aliyeitwa Monica, alicheka hadi akaweka mwiko chini. "Hujui kuongea na watu, na umekuja Buguruni!" Akaipindua ndoo tupu, akaisukuma kwa mguu. "Kaa hapo. Ngoja nigeuze hawa samaki, halafu unieleze."

Felicitas alikaa. Ilichukua asubuhi nzima, maana Monica alikuwa na wateja na kila mmoja alitaka kuelezwa upya. Kufikia mchana alikuwa na nyumba tatu tu, na ya tatu ilikuwa ya Monica mwenyewe. Alizihesabu njiani kuelekea kituoni, akajiuliza Nusaiba angekuwa na ngapi kufikia saa hizo. Jibu alilijua. Kesho yake akarudi kutafuta ya nne.